Gamba la Chatu kwenye Jabali la Nyegezi

Mabasi ya Shinyanga yalikuwa bado yanapiga honi stendi ya Nyegezi, na Mjusi alikuwa ameshapanda juu ya jabali lake, kishikwambi kimeegemea jiwe, akifanya kazi asiyolipwa. Ni mjusi wa ile jamii ambayo wanasayansi wameipa jina la mji huu, Agama mwanzae: dume lake lina kichwa na mabega mekundu kama pilipili iliyoiva, na kiwiliwili cha buluu. Watalii humpiga picha bila kuacha hata mia. Hilo halimsumbui, kwa sababu mambo ya bure ameshayazoea.

Kazi yenyewe ni kutunza mwongozo wa Kiswahili wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Uliandikwa na mijusi wa kujitolea wa majabali yote, kuanzia Nyegezi hadi Luchelele, na siku ulipokamilika palipigwa vigelegele. Utunzaji ulimwangukia yeye kwa ajali ya maumbile. Mijusi dume wa aina yake hutikisa vichwa juu chini mchana kutwa ili kuwatisha wapinzani. Mwenyekiti alipouliza nani atabaki na mwongozo, wenzake wote walitazama chini, na kichwa chake, kama kawaida, kikawa kinatikisika. Katibu akaandika kwenye muhtasari: amekubali.

"Shikamoo babu," alisema Mjusi, alipoona kichwa kikubwa kikichomoza kwenye ufa wa mwamba.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Chatu. "Nasikia unaandika habari zangu."

"Si zako, babu. Za Python."

"Na hao watu wa Ulaya wakisema Python wanamtaja nani? Kenge?"

Mjusi alimeza mate. Kumweleza mzee ukweli ni shughuli, lakini alimweleza. Guido van Rossum, Mholanzi aliyetoa toleo la kwanza la lugha hiyo Februari 1991, hakumfikiria nyoka yeyote. Aliwapenda wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza walioitwa Monty Python, akachukua jina kwao.

"Wachekeshaji!" Chatu alijikunja mara mbili. "Miaka yote hii natembea nimevimba."

"Ila kwenye nembo wamechora nyoka wawili, babu."

"Afadhali," alisema Chatu, akajinyoosha. "Sasa mbona uso umekukunjamana?"

Mjusi alimwonyesha ukurasa wa 14. Unamfundisha mwanafunzi kuandika print, kisha neno "Habari" ndani ya alama za kunukuu, basi. Ulipoandikwa, kwa toleo la pili la Python, ulikuwa sahihi kabisa. Lakini tarehe 3 Desemba 2008 lilitoka toleo la 3.0, na humo print haikubali kitu bila mabano. Toleo la pili liliendelea kuhudumiwa kwa miaka mingi, likaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Ukurasa wa 14 haukupata taarifa.

"Kijana wa chuo pale Malimbe anaunakili neno kwa neno," alisema Mjusi, "kompyuta inamjibu kwamba amekosea sintaksia. Anasoma tena, ananakili tena, anaambiwa amekosea tena. Haulaumu mwongozo, babu. Anajilaumu mwenyewe."

Chatu alicheka taratibu, kicheko kilichoanzia mkiani. "Hilo ni gamba. Mwaka ule nilipojivua langu hapo chini, wavuvi wa dagaa walilizunguka na mapanga tangu asubuhi, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele. Mimi nilikuwa nimelala nyuma yao, nawatazama." Akanyamaza kidogo. "Na usidhani kujivua gamba kulianza na kaulimbiu ya wanasiasa wa 2011. Ni jambo langu hilo. Tofauti ni kwamba mimi nikishalivua silivai tena."

Hapo ndipo Kongoti alipotua, akitokea soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kwa wasiomjua, Kongoti ni ndege mrefu mwenye upara, mabawa meusi kama koti la suti, na kifuko kinachoning'inia shingoni. Hakuna warsha ya Kanda ya Ziwa aliyowahi kuikosa, na hakuna aliyewahi kumwona akibaki baada ya chakula cha mchana.

"Nimesikia kuna changamoto," alisema Kongoti. "Mwongozo umezeeka? Tuuzindue upya! Tutafute mgeni rasmi, fulana, bango, na keki yenye umbo la kompyuta."

"Mheshimiwa," aliuliza Mjusi, "mgeni rasmi ataongeza mabano?"

"Mabano gani?"

"Ya print."

"Hayo ni ya kiufundi. Sisi tunazungumzia dira."

Mjusi, ambaye kwa kawaida ni mpole, alipandwa na hasira hadi shingo ikazidi kuwa nyekundu. Alimkumbusha Kongoti kwamba Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa kwanza wakatafuta istilahi, wakazijadili, ndipo wakatafsiri. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Ila OpenOffice haikusimama pale Desemba 2004. Iliendelea kutoa matoleo mapya, yenye menyu na maonyo yaliyodai maneno mapya. Keki haitoi matoleo mapya.

"Wewe unapinga maendeleo," alisema Kongoti.

"Hapingi," Chatu aliingilia. "Nikuulize, wewe unayeruka kila mahali. Msafiri wa Sengerema akikuuliza njia leo, utamwambia akapange foleni ya kivuko Kigongo?"

"Aa, wapi! Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji. Ni dakika chache tu kwa gari."

"Na aliyeandika mwaka 2015 kwamba msafiri apange foleni, alidanganya?"

Kongoti alifungua mdomo, akaufunga. Hakudanganya mtu. Maandishi yalibaki vilevile. Kilichobadilika ni ziwa kuwekewa daraja. Ndiyo maana nyaraka za namna hii huharibika bila kuguswa na mtu, na ndiyo maana anayezitunza haonekani kufanya lolote. Akifaulu, msomaji hapati mkwamo, na asiyepata mkwamo haulizi nani alipita kabla yake na fagio.

Wenzetu wamebuni njia za kulinusa gamba mapema, na hapa Mjusi alichangamka kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. Mwongozo wa lugha ya PHP, ambao nao hutunzwa na watu wa kujitolea, huweka kwenye kila ukurasa uliotafsiriwa alama ya toleo la Kiingereza ulilotokana nalo. Ule wa asili ukibadilishwa, tafsiri inaonekana mara moja kwamba imebaki nyuma. Python yenyewe huja na chombo kiitwacho doctest. Kinasoma mifano iliyo ndani ya maelezo, kinaiendesha, kinalinganisha jibu na lile lililoandikwa, na yakitofautiana kinapiga kelele. Ukurasa wa 14 usingemaliza hata siku moja mbele yake.

"Ya nini shida yote hiyo?" alisema Kongoti. "Siku hizi mashine inatafsiri kitabu kizima usiku mmoja."

"Ilijaribu. Mfuatano wa herufi, ambao kwa Kiingereza huitwa string, ikauita kamba, wala haikueleza ni ya kufungia nini. Na baada ya usiku huo mmoja, nani anaisoma kazi yake asubuhi?" Mjusi aligeukia ziwa. "Sangara naye aliletwa humu miaka ya 1950 kama suluhisho la haraka. Waulize furu, wale samaki wadogo."

Furu hawakuulizwa, waliobaki ni wachache.

Chatu, aliyekuwa ameanza kusinzia, alifumbua jicho moja. "Kwani hatuna lugha ya kompyuta iliyo yetu?"

"Ipo Nuru, babu. Injini yake imeandikwa kwa lugha ya Go, lakini amri zake ni za Kiswahili: andika, kama, sivyo, wakati, rudisha."

"Basi shida imekwisha."

"Haijaisha. Lazima mtu aeleze sivyo inakaa wapi na rudisha inarudisha nini, na siku wenye lugha wakiibadilisha, aeleze upya. Hata lugha ya Ruby ilikuwa hivyo. Yukihiro Matsumoto aliitoa Japani mwaka 1995, na maelezo mengi yalikuwa ya Kijapani. Wasomaji wa Kiingereza walingoja hadi mwaka 2000 kupata kitabu chao cha kwanza cha maana."

"Kumbe Wazungu nao waliwahi kusoma kwa kubahatisha?" Habari hiyo ilimpendeza Chatu kuliko zote za asubuhi hiyo.

Kongoti alitazama jua, akauliza kama kuna nauli, akaambiwa hakuna, akaondoka kuelekea Mwaloni. Chatu alikohoa. Aliuliza kama mzee asiye na vidole anaweza kusaidia chochote.

"Macho unayo, babu. Fuata ukurasa mmoja kama mtu asiyejua kitu, uniambie ulipokwama."

Mzee aliahidi kuanza mwezi ujao, akishamaliza kumeng'enya mbuzi. Mjusi alitikisa kichwa, na safari hii hata yeye hakuwa na hakika kama ni kukubali au ni maumbile.

Jioni ukurasa wa 14 ulipata mabano yake mawili. Ukurasa wa 15 bado unamwagiza msomaji atumie raw_input, jina ambalo Python 3 haina.