Kaswida ya Dirisha Lisilofunguka

Zisifiwe programu zote, lakini Wine isifiwe zaidi. Inagawiwa bure ili programu za Windows zifanye kazi kwenye Linux, na imemtia mwenye steshenari mmoja wa Nzega fadhila iliyoshindikana kwa mahubiri yote: subira.

Subira yenyewe si ya kitoto. Wine ilianza 1993. Toleo la 1.0 likatoka Juni 2008. Mtoto aliyezaliwa Nzega mwaka ilipoanza alikuwa keshamaliza darasa la saba, yuko kidato cha pili. Mgodi wa Golden Pride, pale Lusu, ulizinduliwa 1999 ukafungwa 2014: idadi ya miaka ni ileile, ila dhahabu ilitoka. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na Tabora, tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi, watu wakamwita mvumilivu. Miezi mitano! Angekuwa anangoja Wine, angepanda mwembe akala embe zake.

Fadhila nyingine: haidai leseni, na ikikwama, mara nyingine hukwama kimya. Mdogo wake, ReactOS, anayetaka kuwa Windows nzima, aliingia 2025 akiwa bado katika 0.4, huyo aachwe alale.

Lakini jamani, hesabu za mteja zinatakiwa kesho asubuhi na kitufe cha kuchapa hakibonyezeki ndani ya Wine! Mwenye duka akapiga meza, akawatukana waundaji mpaka vitukuu.

Aliwatukana wapagazi. Ndani ya Windows hawaruhusiwi kuchungulia. Hujaribu amri moja moja, waone inajibu nini, kisha waige, hata makosa yake, kwa kuwa zipo programu zinazoyategemea. Mnyamwezi wa misafara alilipwa vitambaa, na posho ikipunjwa alitua mzigo. Wachache wa Wine wameajiriwa, hasa na CodeWeavers. Waliobaki hubeba jioni, baada ya kazi zao.

Mwenye mzigo hakutukanwa. Ni ofisi moja iliyoagiza hesabu zijazwe kwa programu yake, nayo ni ya Windows tu, bila kujiuliza nani ataigharimia. Mwenye duka alipopiga simu kulalamika, alijibiwa atumie "kompyuta ya kawaida".

Akavuka barabara hadi kwa jirani mwenye Windows ya kunakili. Wakachapa kwa dakika mbili. Ofisi ikapokea, ikagonga muhuri, na leseni haikuulizwa.