Barua ya Wazi kwa Kampuni ya Kubeti Iliyonikumbuka

Kwa Mkurugenzi wa Masoko,
Kampuni ya Kubeti (jina nimelisitiri, ingawa ninyi namba yangu hamkuisitiri).

YAH: SHUKRANI KWA KUNIKUMBUKA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Juzi saa kumi na moja alfajiri, nikifuta umande kwenye siti ya bodaboda, ujumbe uliingia: "Tumekumisi! Rudi leo upate bonasi ya shilingi 1,000." Nilikuwa na miezi saba sijabeti. Tangu niache, kaka yangu hajanipigia, na ana haki, maana mabati yake niliyauza mimi. Mchungaji kimya. Ninyi peke yenu mmenikumbuka, tena kabla sijapata abiria wa kwanza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki yangu mnaijua shilingi kwa shilingi.

Nakiri mmenielimisha. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja duniani, ligi ya Belarus iliendelea kupigwa, nami nikawa mtaalamu wa Belarus. Mvua ikinyesha Minsk, najua. Homa ya mwanangu aliyelala chumba hichohicho nilikuja kuambiwa asubuhi.

Hata Kiswahili mmenifundisha. Zamani mkeka ulikuwa wa kulalia, wa kulia ubwabwa na wa kukalia msibani. Siku hizi mkeka una timu kumi na mbili, na ukichanika ni msiba usio na wa kukupa pole. Timu kumi na moja zinatiki, moja inachana dakika ya 90. Wanaochunguza ubongo wanasema kukosa kidogo namna hiyo humchochea mchezaji aendelee, kama vile ameonja ushindi. Basi mimi nilikuwa "nakaribia" kwa miaka minne mfululizo.

Na hesabu je? Tuseme kila mechi mnajikatia shilingi tano tu katika kila mia. Si nyingi. Lakini kwenye mkeka wa timu kumi makato hayo yanazidishana, na mia yangu inabaki na thamani ya kama sitini kabla mpira haujaanza. Bosi wangu wa pikipiki, ambaye hesabu yake ya jioni haijui mvua wala pancha, hajawahi kunikata hivyo.

Chini ya tangazo mnaandika kwa herufi za sisimizi: "Cheza kistaarabu." Kumbe shida yangu ilikuwa adabu! Mimi nilidhani naumwa. Shirika la Afya Duniani nalo limepotoka: katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, kamari iliyomshinda mtu imewekwa fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Waandikieni muwasahihishe. Mkimaliza, waandikieni na Kenya, ambako Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yenu kwa siku 30. Watovu wa shukrani hao.

Ustaarabu wangu wa sasa ni huu: namba ya siri ya pesa ya simu anayo mke wangu. Mwanaume mzima naomba hela ya mafuta, na narudi na risiti. Jumamosi mechi zikianza, naondoka kijiweni, naenda kuosha pikipiki ambayo tayari ni safi. Kila wiki nakaa mbele ya mshauri nasaha na kutaja kwa sauti vitu nilivyouza, kimoja kimoja. Mabati huwa nayataja mwisho.

Ukuta huo umejengwa na nyumba nzima, ninyi mnauruka kwa bonasi ya buku. Nimetuma neno la kujitoa mara tatu kama mlivyoelekeza. Kila nikijitoa, bonasi inapanda. Laiti ningepandishiwa nauli hivyo.

Sidai nilichopoteza. Mikeka niliitandika mwenyewe. Naomba jambo moja tu, na halihitaji kikao cha bodi: futeni namba yangu, pamoja na ya kila aliyewaambia kwamba ameacha. Mkishindwa kuifuta, basi msiniandikie alfajiri. Saa hiyo mke wangu amelala, kijiwe hakina mtu, na niko peke yangu na simu.



Mteja wenu wa zamani,
Kijiwe cha bodaboda.