Foleni ya Salamu

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Nairobi na baiskeli isiyo na kengele, isiyo na keria, isiyo na stendi, isiyo hata na madigadi. Nilidhani ameuziwa nusu, nikamwonea huruma. Aliponitajia bei nikamwonea huruma zaidi. Kwa fedha ile hapa Gede mtu angeoa, akalisha wageni, akabakiwa na ya kununua baiskeli mbili za Black Mamba, moja yake na moja ya shemeji.

"Hii ni ya changarawe, Anko," akaniambia.

Kwetu changarawe ni ya zege. Lakini kumbe huko duniani kuna watu wazima, wenye kazi zao na wake zao, wanaotafuta kwa makusudi barabara ambayo serikali haijaifikia, waende kuiendesha wapate raha. Mpwa wangu ni mmoja wao. Nairobi, anasema, kila akitoka na baiskeli matatu inamsukuma mtaroni. Kwa hiyo alikuwa amechora mstari kwenye simu yake: kuizunguka hori ya Mida siku ya kwanza, kisha mito siku ya pili. "Na hakuna gari hata moja njiani," akasema, kwa sauti ambayo watu hutumia kuitaja Pepo.

Nikamwambia njia hizo hazina magari tangu niko tumboni mwa mama yangu, wala sijaona mtu aliyekuja kuzisifu. Sisi tunaziita njia mbovu.

Hata hivyo nilikwenda. Kosa ni la daktari wa presha, aliyeniambia nitikise mwili, na la mke wangu, aliyekuwapo chumbani nilipoambiwa. Mpwa alikuwa ameniazimia baiskeli ya pili kwa rafiki yake, na kaptura ya kubana yenye kigodoro nyuma. Nimefundisha hesabu miaka thelathini katika wilaya hii. Sikuwahi kufikiri nitapita mbele ya wanafunzi wangu nikiwa nimevaa nepi.

Tulitoka alfajiri. Mpango ulikuwa hivi: Gede, Dabaso, Mida, kisha tufuate vijia vya mashambani kati ya barabara kuu na mikoko hadi Roka na Uyombo, tuvuke mlango wa hori kwa mashua, tutokee Watamu, turudi nyumbani. Kilomita 30 na ushei. Simu ikasema saa mbili na nusu. Mpwa akasema, kwa ajili ya umri wangu, tuhesabu tatu.

Tatizo la kwanza lilikuwa Dabaso, anakokaa shangazi yangu. Shangazi amepita miaka themanini na kutwa yuko barazani kwake akikagua nani kapita, kapita na nani, na kwa nini hakusimama. Nikasema tuingie tumwamkie. Mpwa akatazama saa yake ya mkononi, ile inayohesabu mapigo ya moyo, akanisihi: "Anko, tukisimama sasa hivi tutaharibu wastani." Sijui shetani gani alinipanda. Niliinamisha kichwa, nikavuta ile kofia ngumu hadi kwenye nyusi, tukapita nyuma ya minazi kama wezi wa kuku. Nikajipa moyo kwamba kwa mavazi yale hata mama yangu mzazi asingenitambua.

Wastani wenyewe ulifika salama kama mita mia saba mbele.

Maana hili ndilo simu haikulijua. Mwenye gari hupandisha kioo akapita, na ukikutana naye kesho anasema hakukuona. Kule Nairobi, Mombasa Road, watu hukaa foleni saa mbili, mlango kwa mlango, na hakuna anayemuuliza mwenzake kaamkaje. Njia isiyo na magari haina kioo. Kila mtu anakuona, na kila anayekuona ana haki ya kujua umelalaje, watoto wamelalaje, ile presha imefikia wapi, na huyu kijana ni wa nani. Salamu ya Kigiriama haina njia ya mkato. Unaulizwa, unajibu, kisha inakubidi uulize wewe upya kuanzia mwanzo. Nilihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu: kati ya Dabaso na Mida tulikaa kwenye foleni ya salamu mara kumi na tisa.

Na mzee hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Unashuka, unaiegemeza ubavuni, ndipo unatoa shikamoo. Wa kwanza alikuwa mgema anayerudi minazini na mtungi wake nyuma kwenye keria. Yeye mwenyewe, na umri wake ule, alikuwa ameshashuka kutungoja. Nikashuka. Mpwa wangu akataka kushuka. Sasa viatu vyake vina chuma chini ambacho huuma pedeli, na kujinasua ni lazima uzungushe kisigino kwa namna fulani. Kisigino kikagoma. Akaanguka kama mnazi uliokatwa, taratibu kwanza, halafu wote kwa pamoja, hadi miguuni pa mzee, na akiwa pale pale chini akasema shikamoo.

Nusura mzee atokwe na machozi. "Marahaba, mwanangu, marahaba. Inuka, basi, inatosha." Akanigeukia: "Mwalimu, hao watoto wa Nairobi kumbe bado wana adabu namna hii?"

Nikamwambia ndivyo tulivyomlea.

Wazee wanne wa njia ile walipigiwa magoti siku hiyo. Kwa yule wa tatu nadhani alijiangusha mwenyewe, kupunguza maumivu ya kungojea.

Watoto nao. Hapa kwetu, kati ya Watamu na Malindi, Waitaliano wameishi na kutembea muda mrefu hata mtoto akiona kofia ngumu na miguu iliyo wazi hasubiri kuuliza. "Ciao! Ciao!" walikuja mbio kutoka kila boma. Mimi! Mmoja alinisogelea kabisa, akanitazama usoni, akashtuka, akasimama wima kama yuko mstarini asubuhi: "Ciao, Mwalimu."

Karibu na Mida, mwiba wa mgunga ukaingia kwenye tairi la mpwa. Nilishukuru, kwa sababu makalio yangu yalikuwa yameshatoa taarifa ya mwisho. Ng'ambo ya barabara kuu upo msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, na humo anaishi sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye nje ya kipande hiki cha pwani ni adimu kumpata duniani. Watafiti waliompima wanasema ngozi ya pale nyuma ni nene kuliko ya mgongoni, inamkinga na meno ya wenzake wanapofukuzana. Sange, ambaye hajawahi kuketi juu ya baiskeli, kapewa kigodoro cha kuzaliwa nacho. Mimi nimeazimwa cha sponji.

Chini ya mwembe palikuwa na fundi, ameshatoa solusheni na kipande cha mpira. Alitafuta tyubu, hakuna. Akaniangalia mimi, kana kwamba nimeificha. Tairi lenyewe lilikuwa linatoa tui jeupe, likitiririka hadi kwenye spoki, na tui lilipokutana na hewa likaganda, tundu likajiziba, basi. Fundi alibaki na kiraka mkononi kama bwana harusi aliyeachwa na mashua. Kumlipa bure angekasirika, kutomlipa ni dhuluma, kwa hiyo ilibidi tukae naye benchini, tunywe chai, tuulizane habari. Robo tatu ya saa. Saa ya mpwa ikamuuliza kama amemaliza mazoezi.

Sasa niseme jambo ambalo ningelisema alfajiri kama ningeulizwa. Siku za bamvua maji ya kwetu hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Mpwa alikuwa amechora njia yake kupitia ukingo wa wangwa, nje kidogo ya mikoko, mahali ambapo saa nne ni pakavu unaweza kucheza mpira. Tulipofika Mida bado maji yalikuwa mbali. Tuliwaona kwa mbali wale ndege weupe wenye mgongo mweusi wanaokula kaa, ambao huzaliana huko Uarabuni kwenye mashimo ya mchanga kisha huja kwetu kila mwaka bila simu na bila kupotea. Lakini baada ya Mida kulikuwa na msiba wa kupitia, na mkwe wa ndugu yangu, na mzee wa nne. Tulipoteremka wangwani ilikuwa saa tisa na nusu.

"Anko, haya maji yametoka wapi?"

"Baharini. Ndiko yanakokaa."

Simu ilishikilia kwamba tumesimama njiani. Ilikuwa kweli, ila njia ilikuwa chini yetu, kina cha goti. Tulizibeba baiskeli mabegani kati ya mizizi ya mikoko, katika tope linalonuka yai viza na linalovuta kiatu kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Mtu akiniuliza kama nimeendesha baiskeli kuizunguka Mida nitamjibu kwamba kwa sehemu kubwa baiskeli ndiyo iliyoniendesha mimi.

Na mito? Mpwa aliuliza tukiwa katikati ya tope, mito inaingilia wapi hapa. Haiingii. Hori ya Mida ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 32, na hakuna mto hata mmoja unaomwaga maji humo. Ni bahari inayoingia na kutoka kwa zamu, na maji matamu yanayochuruzika kutoka chini ya ardhi kimyakimya. Alisononeka kana kwamba ni mimi niliyeiondoa.

Uyombo tulifika jua linazama. Huko kumekuwa na habari za kujengewa kinu cha umeme wa nyuklia, na wenyeji wengi wamekipinga. Mpwa akanong'ona kwamba kikijengwa barabara itawekwa lami. Nikamwomba asilitamke hilo mbele ya nahodha kabla hatujavuka. Nahodha alitutoza nauli ya watu wanne. Baiskeli, alisema, zimeketi. Nyumbani tuliingia baada ya Isha. Saa ya mpwa iliandika mwendo saa mbili na dakika arobaini, na kusimama saa kumi na mbili.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mito. Tulipandisha baiskeli juu ya matatu hadi Malindi, yaani tulipanda gari kwenda kutafuta barabara isiyo na magari, na nilipomwonyesha mpwa jambo hilo hakucheka. Kutoka hapo tukaenda polepole hadi mto Sabaki, tukafuata vijia vya ukingoni kuelekea mlangoni mwa mto, mimi nimesimama juu ya pedeli muda wote kwa sababu kuketi kulikuwa hakuwezekani tena.

Ule mto, nakiri, ulinifurahisha. Ni wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana, kilomita 390. Huko juu unaitwa Athi, ukishapokea maji ya Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia kwetu unaitwa Sabaki. Mto Nairobi nao huingia humo humo. Nikamwambia mpwa wangu: tazama mwenzako, katoka kule kule ulikotoka, kabadilisha jina njiani, na kafika pwani amejaa tope. Maji yalikuwa rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, yakiipaka bahari udongo hadi mbali. Kwenye kina kirefu viboko wawili walikuwa wametoa masikio tu. Hatukukutana na mtu yeyote kwa zaidi ya nusu saa, hakuna wa kuuliza wala wa kujibu, na saa ya mpwa ilikuwa inatoa vimlio vya furaha.

Ndipo simu yangu ikaita. Shangazi, Dabaso.

Hakusema haloo. "Jana mlipita nyuma ya minazi."

Nilianza kusema kwamba huenda walikuwa ni watalii, wako wengi msimu huu, na mavazi yao yanafanana.

"Nimekufuta kinyesi, utanificha makalio?" akasema. "Nakungojeni. Na huyo mpwa wako nasikia anaamkia kwa kulala chini kabisa. Mwambie mkeka nimeshautandika."