Sanduku la Brussels na Duane ya Mukeke

Huko Rugenge, mtaa wa mji wa Uvira nchini Kongo, mgeni haingii kimyakimya. Muuza ndagala atamwona, motari atamwuliza anakwenda kwa nani, na kabla hajafika mlangoni watoto wamekwisha kumtangaza. Kifuatiliaji cha Bluetooth hakina adabu hiyo. AirTag, iliyoanza kuuzwa na Apple mwaka 2021, ina uzito wa gramu 11 tu. Hujificha ndani ya bitana ya sanduku, na hakuna anayeikaribisha chai.

Ndivyo moja ilivyofika mwaka 2024, ndani ya sanduku la nguo ambalo mwanamume mmoja wa mtaa huo alitumiwa na dada yake mkubwa aliyeko Brussels. Jamaa alilipokea uwanja wa ndege wa Bujumbura, akapita Gatumba, akavuka mpaka wa Kavimvira na kufika nyumbani usiku. Mkewe akataka kujua kilichomchelewesha.

"Duane, hao wa forodha," alijibu kwa sauti ya mtu aliyeteswa. "Wamehesabu mpaka soksi."

Hapo hapo simu yake ya Tecno ikalia: kuna kifuatiliaji kisichojulikana kinasafiri nawe.

Google ilianza kutoa onyo hilo Julai 2023, kwa simu za Android kuanzia toleo la 6.0. Jamaa hakusoma zaidi. Alifungua orodha ya kawaida ya Bluetooth, akaona spika yenye jina la kutisha, akaenda kumgongea jirani amwambie katumwa na nani. Jirani alikuwa akisikiliza rumba yake. Orodha ile huonyesha spika na vifaa vya masikioni vya majirani. AirTag haijitaji humo kwa jina, na utambulisho wake hubadilika kila baada ya muda.

Mkewe ndiye aliyegusa onyo lenyewe. Ikafunguka ramani ya mahali pote kifuatiliaji kilipoonekana kikiandamana na simu ya mumewe. Kavimvira alipita upesi. Ufukweni, wanakochoma samaki wa mukeke, alituama.

"Baba watoto," mama akauliza polepole, "siku hizi duane inachoma mukeke?"

Akabonyeza sehemu ya kutoa sauti, sanduku likalia, bitana ikachanwa.

Asubuhi dada akapiga simu: "Mdogo wangu, mbona sanduku bado liko uwanja wa ndege?" AirTag haina GPS wala laini, hungoja iPhone ipite karibu, iisikie, impelekee mwenyewe habari kwa intaneti. Rugenge ni kwa Tecno na Itel, na tangu Bujumbura haikupata wa kuisemea. Kuificha kwenye mzigo si jambo geni: Oktoba 2022 shirika la ndege la Lufthansa lilitangaza kuvikataza vifaa hivyo kwenye mizigo, kisha likageuza kauli baada ya siku chache.

Lakini si kila anayeficha kifuatiliaji ni dada mwema. Wapo wanaokitumbukiza katika gari au mkoba wa mwanamke aliyemkimbia mume mkorofi. Mwenye Android asisubiri onyo: afungue mipangilio, aingie sehemu ya usalama na dharura, achague maonyo ya vifuatiliaji, atafute mwenyewe. Akikikuta asichokijua, akipige picha kabla ya kutoa betri, na anakili namba yake ya kiwandani, maana polisi watataka ushahidi. Na akihofia maisha yake, asikimbilie nyumbani. Aende penye watu.