Asante kwa Kukagua Taa Mchana

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Nimeandika kutoka Umoja kushukuru tu. Wakazi wenye malalamiko nimewaomba wasubiri.

Shukrani ya kwanza ni kwa kukagua taa za magari mchana. Ingekuwa ukatili kumtoa mkaguzi kwake saa mbili usiku aje asimame hapa Mutindwa, aone matatu ya nganya inavyoshuka na fulu mbili, samawati kwenye grili, zambarau chini ya bodi, na juu ya kioo ubao wa taa unaofaa kuwindia nguruwe mwitu. Kwenye kituo chenu cha ukaguzi cha Likoni Road, jua likiwa utosini, vyote hivyo vimezimwa au vimeachwa nyumbani. Hapo mkaguzi anataka kujua kama mwale wa dimu umeinama na kuelekea kushoto, ili anayekuja upande wa pili asipofuke. Bila shaka umeinama. Dimu za matatu zetu ni nzima kabisa, maana hakuna dereva aliyewahi kuzitumia.

Mafundi nao wananituma. Ninyi hukagua matatu mara moja kwa mwaka, na siku za kuelekea inspeksheni ndizo Krismasi yao. Gari la mtumba huruhusiwa kuingia nchini mradi halijapita miaka minane, kwa hiyo taa nyingi hutua kutoka Japani zikiwa tayari na mtoto wa jicho: jua limekula utando wa juu wa ile plastiki, ikageuka manjano. Fundi huisugua kwa msasa wa maji, akamalizia na dawa ya meno. Inang'aa! Utando haurudi, na umanjano utarejea mapema, lakini stika ya ukaguzi itakuwa imeshabandikwa.

Taa ikiwa imevunjika kabisa, ipo ya kuazima. Inafungwa asubuhi, inakaguliwa, jioni inafunguliwa, kesho inapanda gari la jirani. Hiyo bila shaka ndiyo taa iliyokaguliwa kwa makini kuliko zote nchini. Naomba ipewe stika yake yenyewe.

Kuhusu bodi za matatu sitasema mengi. Mlango ulioliwa na kutu hujazwa puti, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi. Ukiugonga kwa kidole unaitika kama ukuta wa udongo. Marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, mwaka 2004 alitaka matatu zibaki na mstari wa manjano tu. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachiwe michoro yao, na tangu hapo kutu ya huku kwetu Eastlands imekuwa ikivaa sura za wanamuziki na wachezaji mpira. Kuna beki wa Ulaya ambaye shavu lake lote ni puti. (Mchoraji wake, kwa kweli, ana kipaji, simlaumu.)

Sasa nasikia kuna rasimu ya kanuni inayotaka magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe pia. Wenye magari hayo wananung'unika. Mafundi wameagiza dawa ya meno kwa katoni.

Nina ombi moja dogo, na mkilikataa nitaelewa. Tumeni mkaguzi mmoja, usiku mmoja, bila mashine na bila koti lenye nembo. Avuke barabara hapa kwa miguu, kama mama mboga anavyovuka akitoka kufunga kibanda, sehemu ambayo mlingoti wa taa ya barabarani umebaki kuwa wa kubandikia matangazo ya waganga. Akifika ng'ambo aandike alichokiona, kama ataona kitu.

Ila mtujulishe tarehe wiki moja kabla, tupate muda wa kuazima taa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Umoja Innercore