Nyumba Isiyo na Fundo

Kisiwani Chisenga hakuna mawe. Ukitaka jiwe la kusugulia kisigino, mtume mtu anayevuka kwenda Kashikishi, na akirudi mikono mitupu usimlaumu, naye ana shida zake. Hapa kuna mchanga, matete, mafunjo na maji. Mto Luapula ukikaribia kuingia Ziwa Mweru kwa upande wa kusini hutawanyika ovyo, mfereji huku, dimbwi kule, na sisi tumo humo katikati, tambarare tupu. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi ni mkwea mawe. Mkwea mawe wa Chisenga ni kama muuza makoti wa Tanga: hana ubaya, ila amekosea njia.

Nimezaliwa Mwanza, mji ambao nyumba na mawe vimegombania kiwanja tangu zamani na mawe hayajashindwa. Wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani wakadhani wameyaona mawe ya Mwanza. Waende Mabatini wakatumwe chumvi. Njia ya dukani ilipita juu ya jiwe, ya kisimani ilipita juu ya jiwe, na ukikosea, ya kumkimbia mama nayo ilipita juu ya jiwe, tena hilo refu zaidi. Hatukujua kuwa huo ni mchezo. Nilijua ukubwani, nilipofika Hell's Gate karibu na Naivasha nikakuta watu wazima wamelipa kiingilio ili wapande Fischer's Tower, nguzo ya mwamba ya mita 25 hivi, wamevaa viatu vya kubana, kamba imewapita kiunoni na kifuko cha chaki kinaning'inia nyuma. Nikapiga hesabu ya mawe niliyopanda bure, nikaona dunia ina deni langu.

Ufundi wa injini za boti ndio ulionileta Nchelenge. Nilikuja kufufua injini moja, nikakutana na mkunga. Lakini Mswahili kukwama huku si habari mpya. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa huko miaka mingi asiondoke. Livingstone akamwombea ruhusa. Mimi sijaombewa na mtu, na akitokea wa kuniombea nitamwambia akae chini tunywe munkoyo.

Mke wangu watu wote wa visiwani wanamwita Sista, hata wazee waliomzidi miaka arobaini. Kazi yake ni dharura za uzazi. Mama akishikwa na uchungu kwenye kambi ya wavuvi ndani huko kwenye mafunjo, anapigiwa simu yeye. Boti ikikataa kuwaka, napigiwa mimi. Simu zetu mbili hulia pamoja, na majirani wamejifunza kutambua: ikilia moja, huenda ni salamu, zikilia mbili, kuna mtoto anakuja duniani na plagi imelowa.

Kwa hiyo safari zetu za mawe huandikwa kwa penseli. Huku msimu wa kukwea ni kiangazi, mwamba ukiwa mkavu, kuanzia Mei hivi. Nilijaribu kuzihamishia kwenye miezi ya marufuku ya uvuvi, Desemba hadi mwisho wa Februari, boti zinapopumzika na injini hazina wa kuziua. Lakini hiyo ndiyo miezi ya mvua, mwamba unateleza. Tena nyavu zinaweza kufungiwa kwa sheria, wajawazito hawafungiwi. Mke wangu anasema marufuku huonekana wodini kuanzia Septemba. Yeye ndiye mwenye daftari, mimi simbishii.

Mimba yetu ilipofika miezi saba tukasema liwalo na liwe, twende Ntumbachushi kabla mambo hayajawa mazito. Ni maporomoko ya mto Ng'ona, njia ya kwenda Kawambwa, maji yanashuka kiasi cha mita 30 na pembeni kuna mwamba wa kumtoa mtu wa Mwanza machozi. Tukavuka ziwa, tukapata basi dogo lililojaa magunia ya chisense, wale dagaa wa huku wanaotangulia kukufikia kwa harufu kabla hujawaona. Nilipakata begi langu, mke wangu amepakata lake la kazi, ambalo hatoki bila hilo hata akienda harusini.

Kwenye kizuizi cha polisi askari akaingia, akapita magunia yote kana kwamba hayapo, akasimama kwangu.

"Mukwai, fungueni begi."

Nikafungua. Ikatoka kamba ndefu. Zikatoka pete za chuma zenye kufuli. Ukatoka mkanda wa kiunoni wenye vitanzi vya mapajani, ambao askari aliuinua juu, akaugeuza, akautazama mchana mweupe, akaurudisha polepole. Kisha kikatoka kifuko cha unga mweupe.

"Hii?"

"Chaki."

"Wewe ni mwalimu?"

"Fundi wa injini."

Kimya. Basi zima lilikuwa limegeuza shingo. Fikiria mwenyewe: mtu wa kabila lisilojulikana, Kibemba chake kinachechemea, Kongo ipo hapo ng'ambo ya maji, amebeba kamba, vyuma na unga mweupe, na anasema anakwenda kupanda jiwe. "Kuna nini juu ya jiwe?" askari akauliza. Nimekwea tangu utotoni, sijawahi kulijibu swali hilo vizuri, na siku hiyo haikuwa ya kuanza. Nikamwambia hakuna kitu. "Sasa unapanda kufuata nini?" Abiria mmoja mwenye gunia akasema, kwa nia njema kabisa, labda kuna asali.

Nikamtazama mke wangu aniokoe. Alikuwa amejifunika uso kwa chitenge, mabega yanatikisika. Askari akadhani analia, akazidi kunishuku. Akamwomba begi lake. Humo kulikuwa na glavu, mkasi, nyembe, vibanio vya kitovu na taulo zilizokunjwa. Sasa tukawa genge lililokamilika: mimi nafunga, yeye anakata.

Ndipo alipoteremsha chitenge. Askari akamtumbulia macho, akabana mikono na kupiga goti kidogo kwa heshima. "Ba Sista! Si ndiye wewe uliyemzalisha dada yangu?" Alikuwa ndiye. Begi likafungwa kwa mikono miwili, nafasi yetu ikahamishwa mbele kwa dereva, na kwa kuwa Sista amepatikana, tukaombwa tusubiri kidogo, kuna mama mmoja nyumba ya pili ana miguu iliyovimba. Tulisubiri. Basi lote lilisubiri, na chisense nao.

Ntumbachushi tulifika jua limekwisha kuinama. Mlinzi akaniuliza kamba ya nini, nikamweleza, akatikisa kichwa kwa upole. Mahali hapa pana wenyewe, alisema, wa serikali na wasio wa serikali, na hao wasio wa serikali hawapendi kukanyagwa vichwani. Mwamba wa pembeni ya maji haupandwi. Akatuonyesha njia ya miguu inayopanda ubavuni hadi kwenye vidimbwi vya juu. Basi nikabeba begi la kilo nyingi kupanda njia ambayo watoto wa shule walikuwa wakiishuka na ndala. Mke wangu akatia miguu kwenye maji baridi, akalala palepale, na baadaye akasema hiyo ndiyo safari bora ya kukwea aliyowahi kwenda.

Nilichogundua tangu mimba hii ianze ni kwamba watu wanamhurumia sana mke wangu kwa kuolewa na mpanda mawe. Mtoto atakosa baba, wanasema. Shemeji zangu wameniketisha, mzee wa kanisa ameniketisha, hata mteja mmoja niliyemdai pesa ya injini alinishauri kuhusu majukumu. Mimi naning'inia mita tano juu ya ardhi kwa kamba inayoweza kuinua gari dogo, naitwa mwendawazimu. Mke wangu, mwenye tumbo la miezi saba, anaingia mtumbwini saa nane usiku, upepo unapiga, viboko wanakoroma kwenye matete, tochi iko mdomoni kwa sababu mikono imeshika begi, na watu wanamwambia "kazi njema, Sista." Hakuna aliyemketisha. Nilipojaribu kumketisha mimi, simu zetu zililia mbili kwa pamoja.

Mwezi wa nane wa mimba akaja mama mkwe, Mayo.

Mila za huku mkwe na mkwewe huheshimiana kwa umbali, mpaka upande wa mke ukuandalie karamu ya amatebeto na kukuingiza rasmi. Sisi karamu tulishafanya, nikala, nikaingizwa. Lakini Mayo alikuwa ameshazoea kunifikishia ujumbe kupitia kuku, na mazoea yana taabu. Aliona kamba yangu imefungwa mafundo ukutani, nikijizoeza, akamwambia jogoo: "Nyumba yenye mjamzito haina mafundo. Kitovu cha mtoto kinasikia." Na kuhusu kukwea, jogoo aliambiwa kuwa mtoto humfuata baba yake, baba akipanda, mtoto naye atapanda, na mlango wa kutokea hauko juu.

Mke wangu, mwenye cheti cha ukunga, alinikonyeza na kusema tumwache tu. Nikafungua mafundo yangu. Nilipotoka kazini nikakuta kamba za viatu zimefunguliwa, kamba ya mbuzi imefunguliwa na mbuzi yuko kwenye muhogo wa jirani, chandarua kimeshuka. Mayo alikuwa mkamilifu. Alikwenda mpaka ufukweni.

Usiku simu zililia mbili. Kambi ya wavuvi, mtoto wa tatu, uchungu umekolea. Tukakimbia na taa hadi maji yalipo. Boti haikuwapo. Kilichokuwapo ni kigingi, kimesimama wima, hakina hatia.

Tukachukua mtumbwi wa jirani, mimi pondo, mke wangu mbele na tochi, akinielekeza kwa sauti anayoitumia kwa wanawake wanaokataa kusukuma. Tuliipata boti imejikita kwenye mafunjo kwenye mfereji, imetulia kabisa, ndege amelala juu ya injini. Wakati navuta plagi, ng'ambo ya mafunjo tukasikia kasia. Watu wa kambi walikuwa wamechoka kusubiri wakampakia mama mtumbwini kutufuata. Mke wangu akahamia mtumbwi wao katikati ya maji, mimi nimeshika mitumbwi miwili isiachane, mkono huku na mkono kule, nikimshukuru kila mwamba wa Mabatini kwa vidole ulivyonipa. Mtoto akatoka kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Wa kike, na sauti.

Asubuhi Mayo alipewa habari zote, pamoja na ile ya boti. Akatafakari. Kisha, kwa mara ya kwanza, hakupitia kwa jogoo.

"Umeona alivyotoka upesi?" akaniambia. "Hapakuwa na fundo popote."

Baada ya hapo ikaja wiki ya 36 na kipimo cha mke wangu mwenyewe. Mwenzake akampapasa tumbo, akapapasa tena, akacheka. Kichwa kilikuwa juu, mtoto amekaa kitako. Hili si ajabu sana: wiki ya 28 karibu mtoto mmoja kati ya wanne hukaa hivyo, na wengi hugeuka wenyewe, hata mimba ikitimia hubaki watatu au wanne katika mia. Asipogeuka, daktari anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, hospitalini. Mke wangu alinieleza yote haya kwa utulivu mbele ya mama yake. Mayo alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia, akasema neno moja.

"Amepanda."

Nami, mtu niliyesoma, niliyejua asilimia, nikashuka kwenye kigoda nilichokuwa nimekalia nikakaa chini kwenye mkeka.

Tukamvusha kwenda bara mapema, akae kwenye nyumba ya kungojea uzazi, kama anavyowahubiria wenzake wa visiwani. Ziwa siku hiyo lilichafuka, boti ikapigwa mawimbi njia nzima, mke wangu akatapika kifungua kinywa na baadhi ya mambo aliyoniambia siku za nyuma. Walipompima huko, kichwa kiko chini. Mayo anasema ni mafundo. Mwendesha boti anasema ni mawimbi, na ameanza kujisifu kwa abiria. Mke wangu anasema watoto hugeuka. Mimi sijasema kitu, ila kigoda sijakirudia.

Kungojea kwenyewe hajui. Anapaswa kulala na kula. Nikipiga simu nasikia yuko wodini "ananyoosha miguu", na nyuma yake kuna mtu anaambiwa asukume. Ameagiza viatu vyake vya kazi. Mayo, aliye naye huko, ameagiza kamba yangu, kwa kuwa wajawazito ni wengi na pa kuanikia nguo ni padogo. Sharti ni moja: niifunge nipendavyo, isiwe fundo.

Bahati nzuri hilo wakwea mawe tunalijua. Kamba ukiizungusha mti mara kadhaa, msuguano wenyewe unaishika, haihitaji fundo la kubeba mzigo. Nikaivusha, nikaizungusha mwembe huu, nikaivuta, nikaizungusha mwembe ule. Mayo akaning'inia kwa mikono miwili kuijaribu, mwili mzima, miguu imeacha ardhi. Ikashika. Akatua, akajifuta mikono kwenye chitenge, akaniangalia kwa huruma.

"Sasa kumbe," akasema, "huko kwenye mawe mafundo yote yale mlikuwa mnayafunga ya nini?"