Chewa, Kuba na Usingizi wa Nahodha

Masikio yangu yangali moto hata saa hii niandikapo, kwa fedheha iliyonifika jana baada ya sala ya magharibi, barazani kwa nahodha anichukuaye baharini huko Matemwe, mbele ya mkewe, wanawe wawili, na wazee wanne waliokuja kunywa kahawa, ambao siwezi kumlaumu mtu kwa kuwaalika kwa kuwa niliwaalika mwenyewe. Nilitaka wamwone chewa niliyempiga picha kwenye matumbawe ya Mnemba. Nahodha akaitwaa ile picha, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, kisha akauliza kwa upole ambao ulizidi matusi: "Mwanangu, huyu ni chewa, au ni mto wa sufi?"

Lau ningalikuwa na akili ningaliaga hapo hapo. Badala yake nikawafunulia picha ya pili, ambayo nitaieleza nikishapata moyo.

Asili ya balaa ni dirisha. Kamera ya majini huvikwa kasha lisilopitisha maji, na mbele ya kasha pana dirisha ambalo lenzi huchungulia kwalo. Na madirisha haya ni ya namna mbili, bapa na kuba. Dirisha bapa ni rahisi kwa bei, lakini mwanga utokao majini ukiingia katika hewa iliyomo kashani hupinda, na kwa kupinda huko kila kitu huonekana kimekaribia kwa rubu ya masafa yake na kukua kwa thuluthi. Jambo ambalo ni neema kwa apigaye picha ya kaa mdogo, na ni hasara kwa atakaye kuuona mwamba mzima, maana upana wa lenzi hupungua, na pembeni mwa picha rangi huchirizika kama hina iliyoguswa kabla haijakauka. Kuba huondoa ila hizo zote mbili. Nami, kwa kuwa mwenye kupiga picha majini hana budi asogee karibu mno na anachokipiga, kwani maji hula nuru, na wekundu ndio huliwa kwanza, nilitaka lenzi pana. Na mwenye lenzi pana hutaka kuba. Mpaka hapo, wallahi, sikukosea.

Nilikosea katika jambo ambalo muuzaji hakulitaja wala mimi sikuliuliza. Kuba likishagusa maji hugeuka likawa lenzi kwa dhati yake, na mbele yake hujenga taswira ya bahari nzima, ndogo, iliyo karibu sana. Na kamera haiioni bahari, huiona taswira hiyo. Upeo wa macho wenyewe huja ukasimama mbele ya kioo kwa masafa ya nusu kipenyo cha kuba mara tatu. Kuba langu, nililolichagua dogo kwa sababu makubwa yalinishinda bei, lina nusu kipenyo cha sentimita 6. Basi hata kilicho mbali kupita yote majini kwangu kilikuwa sentimita 18 tu mbele ya kioo, na yule chewa, aliyetulia umbali wa mita moja akipumua kwa heshima zake zote, taswira yake ilikuwa sentimita 14 na nusu. Na lenzi yangu, niliyoinunua kwa kuwa ilikuwa ya mwisho dukani na mwenye duka alitaka kufunga, imeandikwa ubavuni kwa tarakimu nyeupe, nzuri, ndogo, kwamba haioni sawasawa kitu kilicho karibu zaidi ya nusu mita. Nilikuwa nimemnunulia kipofu wa karibu dirisha linaloleta dunia nzima puani mwake.

Wala ilimu hii si siri mpya. Ibn Sahl aliiandika kanuni ya kupinda kwa mwanga huko Baghdad mwaka 984, na Mholanzi Snellius akaifikia tena mnamo 1621. Mimi sikuifikia hata jana.

Safari nyingine hazina haja ya maelezo marefu. Nililijaribu kasha likiwa tupu, alhamdulillahi, siku ambayo unywele mmoja wa ndevu zangu ulilala juu ya oringi, ule mpira wa kuzuia maji, na maji yakaingia kiasi cha kikombe cha kahawa. Siku nyingine nilizamia saa nzima na kifuniko kikiwa mbele ya lenzi.

Lakini yako yasiyochekesha. Kila mtengenezaji ana mlango wake wa kufungia dirisha, usiokubali dirisha la mwenziwe, na ili kuviunganisha sharti ununue pete ya bati, tupu, isiyo na kioo wala waya, ambayo mimi niliuziwa kwa bei mara mbili ya lenzi. Nahodha wangu anamjua yule chewa kwa pango lake na kwa kovu lililo ubavuni mwake, na hajapata kumwona kwenye karatasi ila katika kitabu kilichosahauliwa na mgeni. Bahari iko mlangoni kwetu, na ufunguo wa kuionyesha unauzwa kwa fedha ambayo mvuvi haioni kwa kaskazi mbili. Hilo si la lenzi, nami sina sentimita za kulipimia.

Sasa ile picha ya pili. Nimeipiga nusu juu ya maji na nusu chini, bahari ikiwa shwari. Chini ni ukungu mtupu. Juu, ambako kuba limezungukwa na hewa pande zote mbili na halipindi kitu, kila uzi wa tanga unahesabika. Na chini ya tanga yuko nahodha, ambaye kwa miaka arubaini amemwapia mkewe kwamba hasinzii chomboni, kalala chali, kinywa wazi, nzi kamkalia mdomoni.

Mkewe alimhesabu yule nzi miguu.

Dawa ya lenzi yangu, naambiwa, ni kioo kidogo cha ukaribu kinachozungushiwa mbele yake, nacho ni rahisi kuliko vyote nilivyonunua. Kina ila moja: kilicho mbali, juu ya maji, kinakuwa ukungu. Laiti ningalikuwa nacho siku ile, chewa angaling'aa, na nahodha angalilala salama.